Kidomozi wa michungwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mdudu anayechora majani ya michungwa, mindimu na milimau

Ni mdudu gani anayechora mistari ya rangi ya fedha kwenye majani ya mchungwa?

Ni kiwavi wa nondo mdogo sana aitwaye kidomozi wa michungwa. Wengine humwita mchora majani. Jina lake la kisayansi ni *Phyllocnistis citrella*, wa familia ya Gracillariidae, ambayo karibu viwavi wake wote huishi ndani ya majani. Ukiona jani changa lina mchirizi mweupe unaong'aa, unaopinda huku na huku bila kuvuka njia yake mwenyewe, na katikati ya mchirizi kuna uzi mwembamba mweusi, huyo ndiye. Ule uzi mweusi ni kinyesi chake. Ndiyo alama ya kwanza ya kuitafuta kabla hujamlaumu mdudu mwingine yeyote.

Nondo mwenyewe yukoje? Mbona sijawahi kumwona?

Kwa sababu ni mdogo mno, tena hatembei saa za wewe kuwa shambani. Akitandaza mbawa, kutoka ncha hadi ncha hafiki nusu sentimita. Mbawa ni nyeupe zenye mng'ao wa fedha, zina mistari ya rangi ya kahawia iliyopauka, na kila ubawa wa mbele una doa moja jeusi karibu na ncha. Mchana hujibanza chini ya majani. Hupandana alfajiri, na jike hutaga jioni na usiku. Nondo mkubwa hali majani na hadhuru kitu. Huishi siku chache tu. Uharibifu wote ni wa kiwavi.

Anaingiaje ndani ya jani, na humo anakula nini?

Jike huweka yai moja moja, mara nyingi upande wa chini wa jani, karibu na mshipa wa kati. Yai ni bapa, halina rangi, na linaonekana kwa shida hata kwa kioo cha kukuzia. Kiwavi akianguliwa hatembei juu ya jani hata kidogo. Hutoboa pale pale yai lilipogusa jani na kuingia moja kwa moja chini ya ngozi.

Chukua jani lenye mchirizi mpya, linyanyue dhidi ya jua, fuata mchirizi hadi upande ule ulio mpana zaidi. Hapo utamwona: kiwavi bapa, wa njano inayoelekea kijani, asiye na miguu, urefu wake kama milimita 3. Ukiwa na sindano, pasua ngozi ya jani taratibu juu yake. Utagundua kuwa ngozi ile ni utando mwembamba mno na chini yake nyama ya jani bado ni ya kijani. Hii ndiyo tofauti kubwa kati yake na wachimbaji wengine. Kidomozi wa michungwa hatafuni nyama ya jani. Taya zake ni bapa na zenye makali. Hukata seli za ngozi ya jani na kunywa maji yake. Hewa ikishaingia mahali palipokuwa na maji, utando hung'aa, ndiyo maana mchirizi unaonekana wa fedha.

Hivyo basi jani lililochorwa halijafa. Linapoteza maji haraka zaidi na linajikunja, lakini sehemu kubwa ya kijani chake bado inafanya kazi. Tutarudi kwenye jambo hili, kwa sababu wakulima wengi hukata majani ambayo mti bado unayahitaji.

Kiwavi hapandi jani la pili. Maisha yake yote ya ukiwavi yanaishia katika jani lile lile aliloingilia. Hupita hatua nne: tatu za kula, na ya nne ya kutokula kabisa, ambapo hufika ukingoni mwa jani, hufuma nyuzi za hariri, na nyuzi hizo zikikaza hukunja ukingo wa jani juu yake. Ndani ya mkunjo ule hugeuka pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo. Siku ya kutoka, pupa hutoboa kwa ncha kali iliyo kichwani, hujisukuma nje nusu mwili, na nondo hutoka. Ganda la kahawia hubaki limechungulia kwenye mkunjo. Ukiliona ganda hilo, ujue mdudu ameshaondoka.

Kizazi kimoja huchukua muda gani?

Inategemea joto. Kukiwa na joto la kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi, kama ilivyo pwani kwa miezi mingi, wiki mbili hadi tatu zinatosha kutoka yai hadi nondo. Kwenye baridi inaweza kufika wiki saba. Kiangazi kikali chenye hewa kavu humpunguza sana, na mayai mengi hukauka. Sehemu zisizo na majira ya baridi kali, vizazi hufuatana mwaka mzima mradi kuna majani machanga.

Anashambulia miti gani?

Karibu jamii yote ya machungwa: mchungwa, mchenza, mlimau, mndimu, mbalungi, mfurungu, mdanzi. Hata michungwa midogo ya mapambo inayopandwa kwenye vyungu haisalimiki. Nje ya jenasi ya *Citrus*, anaweza kukua kwenye miti ya ukoo ule ule wa Rutaceae, kama *Murraya paniculata*, ule unaopandwa kuwa ua wa bustani kwa ajili ya maua yake meupe yenye harufu nzuri, na *Aegle marmelos* wa India.

Miti hii haiathiriki sawasawa. Mndimu, mlimau, mbalungi na mfurungu huumia zaidi kuliko mchungwa wa kawaida. Sababu si utamu wa majani tu. Mchungwa mkubwa huchipua kwa vipindi: mvua zikinyesha, mti mzima unatoa majani mapya kwa pamoja, kisha unatulia. Mndimu na mlimau huchipua kidogo kidogo mwaka mzima, na kila chipukizi ni mahali pa nondo kutaga. Mndimu mmoja nyuma ya nyumba unaweza kumlisha mdudu huyu kipindi chote ambacho michungwa imelala, na mvua zikianza tayari yupo wa kutosha.

Kwa hiyo ukinisikiliza jambo moja tu kuhusu kitalu, ni hili: usikiweke kando ya mindimu. Watu huweka kitalu karibu na nyumba, penye kivuli na maji, na hapo hapo ndipo ulipo mndimu wa familia.

Kwa nini majani makubwa ya mti huo huo hayaguswi?

Kwa sababu jani likishakomaa ngozi yake inakuwa ngumu, na kiwavi mchanga hawezi kuipasua. Nondo anajua. Hutafuta majani machanga, laini, yenye urefu wa sentimita moja hadi tatu hivi, yale yenye rangi ya kijani iliyofifia. Dirisha la hatari kwa kila jani ni wiki mbili hivi tangu lichomoze. Likivuka hapo likiwa safi, limeokoka maisha yake yote.

Kila kitu katika kupambana na mdudu huyu kinatoka kwenye ukweli huo. Ukitaka kujua lini atakuja, usihesabu wadudu. Angalia mti unachipua lini. Katika pwani ya Tanzania na Kenya, wimbi kubwa la majani mapya hufuata mvua za masika na za vuli, na wimbi la vidomozi hulifuata. Wakulima wa Muheza, Makueni au Kilifi wanaomwagilia wanapata mawimbi ya ziada yanayofuata maji yao wenyewe. Mbolea ya urea ikiwekwa kiangazi kwenye mti unaomwagiliwa huleta chipukizi za nje ya msimu, na hizo ndizo huchorwa zote, kwa sababu nondo wote wa eneo hawana pengine pa kwenda.

Je, huyu ndiye kanitangaze wa nyanya? Au yule anayechora majani ya maharage?

Hapana. Kanitangaze, *Tuta absoluta*, naye ni nondo na kiwavi wake huchimba majani, lakini ni wa familia nyingine na hula mimea ya jamii ya nyanya. Wale wanaochora maharage, nyanya na mboga nyingi ni inzi wadogo wa jenasi ya *Liriomyza*, si nondo kabisa. Hakuna hata mmoja kati yao atakayehamia kwenye mchungwa wako, na kidomozi wa michungwa hatahamia kwenye nyanya. Unaweza kupanda mboga katikati ya michungwa michanga bila hofu hiyo. Ila dawa unayopulizia mboga itawafikia wadudu rafiki walio kwenye michungwa, nalo hilo ni tatizo la kweli.

Majani ya mchungwa wangu yamejikunja lakini hayana mstari wa fedha. Ni huyu huyu?

Mstari usipokuwepo, si yeye. Geuza jani. Ukikuta vijidudu vyeusi au vya kahawia vimesongamana kwenye ncha laini, na jani linanata, hao ni vidukari. Hawa wa rangi nyeusi usiwapuuze, kwa sababu wanaeneza virusi vya tristeza, ugonjwa unaodhoofisha michungwa.

Ukikuta jani lina vinundu upande wa juu, na chini ya kila kinundu kuna kishimo chenye mdudu bapa amekaa ndani yake, huyo ni *Trioza erytreae*, chawa wa michungwa wa Kiafrika, anayependa nyanda za juu zenye ubaridi. Binamu yake wa Asia, *Diaphorina citri*, hupenda joto, na kuwepo kwake Tanzania kulitangazwa na watafiti mwaka 2016. Wote wawili hueneza bakteria wa ugonjwa wa huanglongbing, unaofanya majani yawe na mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za jani, matunda yabaki madogo na yaliyopinda, na mwishowe mti ufe. Ugonjwa huo hauna tiba.

Naliandika hili kwa mkazo kwa sababu kidomozi anaonekana kwa urahisi na chawa haonekani. Mtu anaona mistari ya fedha, ananunua dawa ya mistari, na miaka miwili baadaye mti unakauka kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeutazama. Kila ukikagua chipukizi kwa ajili ya kidomozi, geuza na jani uangalie vinundu.

Majani yakiwa yametafunwa kutoka ukingoni, mtafute kiwavi mkubwa wa kijani wa kipepeo *Papilio demodocus*. Ukimgusa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Mtoe kwa mkono, inatosha.

Mdudu huyu ametoka wapi?

Asia ya kusini na kusini mashariki, kulekule ilikotoka jamii ya machungwa yenyewe. Mwingereza Stainton alimwelezea kisayansi mwaka 1856 kutokana na vielelezo vya Calcutta, India. Kufikia miaka ya 1960 alikuwa ameandikwa Sudan, na leo yupo karibu kila nchi ya Afrika yenye michungwa, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo.

Dunia ilishtuka miaka ya 1990. Mei 1993 alionekana kusini mwa Florida, Marekani, na katika muda wa mwaka mmoja hivi akawa ameenea jimbo zima. Mwaka huo huo wa 1993 alionekana kusini mwa Hispania, kisha akapita nchi zote za Mediterania. California ilimpata mwaka 2000. Sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu kumdhibiti ilitokana na hofu ya miaka ile, na vilevile na kutulia kwa hofu hiyo, kwa sababu baada ya misimu kadhaa watafiti waliona kwamba miti mikubwa haikuathirika kama ilivyohofiwa.

Mti wangu mkubwa umechorwa chipukizi zote. Mavuno yatapungua?

Kwa mti wenye afya uliozidi miaka minne au mitano, kwa kawaida hapana. Majani machanga ni sehemu ndogo ya majani yote ya mti. Yale maelfu ya majani yaliyokomaa ndiyo yanayolisha matunda, na hayo kidomozi hayagusi. Chuo Kikuu cha California huwashauri wakulima wake wasipulizie kabisa miti iliyozidi miaka minne kwa sababu ya mdudu huyu.

Najua inauma kuona mti uliopanda mwenyewe umekunjamana ncha zote. Lakini ukipungukiwa na mavuno, tafuta sababu kwingine kwanza: maji wakati wa maua, mbolea, huanglongbing, inzi wa matunda, mizizi iliyooza. Kidomozi kwenye mti mkubwa ni doa la kuonekana tu.

Basi ni wakati gani nihangaike?

Kitaluni, na miaka mitatu minne ya mwanzo shambani. Mche uliobebeshwa, yaani ulioungwa kikonyo cha mti mwingine juu ya shina la chini, una majani machache, na karibu yote ni machanga. Kidomozi akiyachora yote, mche haukauki lakini unasimama: hautoi shina refu, matawi ya mwanzo yanapinda, na kile kikonyo ulichobebesha kinachelewa kufikia unene wa kuuzwa. Kwa mwenye kitalu, kuchelewa msimu mzima ni hasara ya kweli. Kwa mkulima, mti unaochorwa kila wimbi tangu ukiwa mdogo unachelewa kuanza kuzaa.

Mahali pengine pa kuhangaika ni pale mti mkubwa ulipokatwa sana ili uchipue upya, au ulipobebeshwa aina mpya juu ya shina la zamani. Hapo mti wote unategemea majani machanga, kwa hiyo uhesabu kuwa ni mche.

Je, nikate majani yaliyochorwa na kuyachoma?

Kwenye miche michache ya kitaluni, majani yenye mkunjo uliofungwa unaweza kuyachuma kwa mkono kila wiki, maana pupa yumo ndani. Usichome moto palepale. Yafunge kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, uliofungwa vizuri, na uyaache siku kadhaa kivulini. Utaona kinachotoka. Wakitoka nyigu wadogo wengi kuliko nondo, una habari njema ambayo usingeipata kwenye moto.

Kwenye mti mkubwa usikate. Jani lililochorwa bado linatengeneza chakula, na ukikata ncha, mti utajibu kwa kutoa chipukizi mpya, yaani utakuwa umemwandalia mdudu meza nyingine. Unachopaswa kukata ni yale machipukizi yanayotoka kwenye shina la chini, chini ya mahali palipobebeshwa, na maotea yanayopanda wima kwa kasi katikati ya mti. Hayo hayazai, yanachipua muda wote, na ndiyo hifadhi ya vidomozi. Ukate mara moja kwa msimu, mti ukiwa umetulia, si kidogo kidogo kila wiki.

Nipulize dawa gani?

Swali la kwanza si dawa gani, ni mti gani na wakati gani. Ukiwa na miche au miti michanga, na imeanza kuchipua, una njia tatu zinazoeleweka.

Ya kwanza ni mafuta ya kilimo, yaani mafuta ya madini yaliyosafishwa kwa ajili ya mimea. Hayaui kiwavi aliye ndani. Kazi yake ni kumfanya nondo asitage kwenye jani lililopakwa. Kipimo kinachotumika sana Australia ni nusu lita kwa lita 100 za maji. Puliza chipukizi zikiwa fupi, kabla hujaona mistari, urudie kila baada ya wiki moja hivi mpaka majani yakomae, maana kila jani jipya linalochomoza halina mafuta juu yake. Hakikisha unalowanisha upande wa chini wa jani. Usipulize jua kali wala mti ukiwa na kiu, utaunguza majani. Mimi hii ndiyo ninayoipenda kwa kitalu, kwa sababu inawaachia nyigu nafasi ya kuishi.

Ya pili ni abamektini, dawa inayopenya kutoka juu ya jani hadi ndani na kumfikia kiwavi mdogo. Hufanya kazi vizuri zaidi ikichanganywa na kiasi kidogo cha mafuta ya kilimo. Puliza mistari ikiwa ndiyo kwanza inaanza, si majani yakiwa yameshakunjwa.

Ya tatu ni imidaklopridi inayomwagwa kwenye udongo, mizizi iifyonze na kuipeleka kwenye majani. Inahitaji kuwekwa kama wiki mbili kabla ya chipukizi kutoka, na udongo uwe na unyevu. Usiitumie kwenye miti inayotoa maua wala inayokaribia kutoa maua, kwa sababu nyuki wataikuta kwenye chavua na nekta.

Zote hizi, soma kibandiko, vaa kinga, heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na hakikisha dawa imesajiliwa kwa zao hilo: Tanzania ni kazi ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na Kenya ni PCPB, bodi inayodhibiti viuatilifu. Afisa ugani wa kata yako atakuambia ipi inapatikana kihalali.

Nimepulizia mara tatu na mistari bado ipo. Dawa ni feki?

Inawezekana, ila kwanza fikiria haya. Mistari haifutiki. Jani lililochorwa litabaki na mstari wake mpaka lianguke, hata kama kiwavi alikufa mwezi uliopita. Pima dawa kwa majani mapya, si kwa ya zamani.

Pili, dawa nyingi za dukani za kugusa, hasa za jamii ya pairethroidi, hazimfikii kiwavi. Amefunikwa na ngozi ya jani, na pupa amefunikwa na mkunjo. Wanaokufa ni wale wanaotembea juu ya jani: buibui, wadudu wenye mbawa za kimia, na nyigu wanaomwinda kidomozi. Ndiyo maana shamba linalopulizwa kila wiki mara nyingi lina mistari mingi kuliko la jirani asiyepuliza. Nimeona mashamba ya namna hiyo yakipakana, na huwezi kusema kingine ukishatazama majani ya pande zote mbili za mpaka.

Tatu, kutumia dawa moja mfululizo huzaa wadudu wasiosikia dawa. Ukirudia, badilisha kundi la dawa, si jina la chupa tu.

Na mwarobaini?

Mafuta ya mwarobaini hupunguza utagaji na huvuruga ukuaji wa viwavi wadogo, na hayawadhuru sana nyigu. Kwa bustani ya nyumbani yanatosha. Yanaisha nguvu haraka juani, kwa hiyo puliza jioni na urudie mara kwa mara wakati wa kuchipua. Majivu na maji ya sabuni pekee hayamfikii aliye ndani ya jani.

Ni viumbe gani wanaomla kidomozi?

Wako wengi, na ndio wanaofanya kazi kubwa kuliko bomba lolote. Wa kwanza ni nyigu wadogo wasiouma mtu, wengi wao wa familia ya Eulophidae. Nyigu hupita juu ya jani akipapasa kwa vipapasio vyake, akimpata kiwavi chini ya ngozi humchoma kwa mkia, humtia ganzi na kutaga yai juu yake au pembeni. Mtoto wa nyigu humla kiwavi palepale ndani ya mchirizi. Ukipasua mkunjo wa jani na kukuta vijipupa vyeusi badala ya pupa mmoja wa kahawia, ujue mwenye nyumba ameshaliwa.

Nyigu anayestaajabisha kuliko wote ni *Ageniaspis citricola*, asili yake Asia ya kusini mashariki, aliyepelekwa Florida mwaka 1994 kutoka Australia. Hutaga yai moja ndani ya yai la kidomozi au ndani ya kiwavi aliyeanguliwa karibuni. Yai hilo hujigawa lenyewe, na kiwavi anaendelea kula na kukua kama kawaida hadi anakunja ukingo wa jani. Hapo ndipo wanapotoka nyigu kadhaa, wakati mwingine wanane au zaidi, ambao pupa zao hupangana mstari mmoja ndani ya mkunjo ule ule alioufuma kidomozi kwa ajili yake mwenyewe.

Wa pili ni wawindaji: buibui, watoto wa wadudu wenye mbawa za kimia, na sisimizi. Utafiti wa Florida ulionyesha kuwa sisimizi huua vidomozi wengi kwa kupasua ngozi ya jani na kumchomoa kiwavi. Maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wanafahamika pwani yetu kwa kulinda minazi na mikorosho dhidi ya wadudu wafyonzao. China walitumia jamaa zao kulinda michungwa tangu zaidi ya miaka 1,700 iliyopita. Lakini sisimizi hao hao hulinda vidukari na wadudu magamba ili wanyonye umajimaji wao mtamu, kwa hiyo ukiona msafara wa sisimizi unaelekea kwenye kundi la vidukari, usiwapongeze.

Kuwasaidia hawa wote ni rahisi: acha kupuliza miti mikubwa. Miti mikubwa iliyochorwa kidogo, isiyopulizwa, ndiyo inayozalisha nyigu watakaokuja kwenye miche yako.

Mitego ya harufu inafanya kazi?

Ipo, na inanasa madume kwa maelfu. Harufu ya jike ilitambuliwa na kutengenezwa maabara, na ni kali kiasi kwamba chembe ndogo tu hujaza mtego. Lakini mtego unakuambia nondo wako wangapi, haupunguzi michirizi kwenye majani. Kwa mkulima mdogo, kukagua chipukizi mara mbili kwa wiki wakati wa mvua kunampa habari ile ile bila gharama.

Kidomozi huleta ugonjwa?

Yeye mwenyewe habebi ugonjwa, lakini anafungua mlango. Pale palipo na kanka ya michungwa, ugonjwa wa bakteria *Xanthomonas citri* unaoleta vidonda vyenye sugu kwenye majani na matunda, jani lililochorwa hushika maambukizi kwa urahisi zaidi, na vidonda huenea kufuata mchirizi mzima. Florida ilipigana na kanka hiyo tangu ilipoonekana tena karibu na Miami mwaka 1995 hadi ilipoacha mpango wa kuifuta mwaka 2006, na kuwepo kwa kidomozi kulifanya kazi hiyo iwe ngumu zaidi. Ukiona vidonda vya namna hiyo, vyenye mduara wa njano kuzunguka, usihamishe miche wala kubeba matunda. Mwite afisa ugani kwanza.

Tunda lenye mstari wa fedha linalika?

Linalika. Hutokea mara chache, zaidi kwenye balungi, na mchirizi unaishia kwenye ganda.

Ninaponunua miche, nikague nini?

Tazama ncha kwanza. Mche wenye mistari miwili mitatu kwenye majani ya chini yaliyokomaa hauna shida. Hiyo ni historia. Usinunue mche ambao ncha zake zote ni mpya na zimekunjwa, kwa sababu utakuwa unabeba pupa hai hadi shambani kwako, hata kama shamba lako liko mbali na michungwa mingine. Hivyo ndivyo mdudu huyu alivyovuka nchi na mabara.

Geuza majani uangalie vinundu vya chawa. Uliza shina la chini ni la nini, na kikonyo kilichukuliwa kwenye mti gani. Mwenye kitalu anayejua kazi yake atakuonyesha mti wenyewe. Kisha panda mwanzoni mwa mvua, ondoa kila chipukizi la chini ya mahali pa kubebeshea, weka mbolea pamoja na mvua na si katikati ya kiangazi, na katika miaka mitatu ya mwanzo pita kwenye miche yako kila inapochipua, ukiwa na mafuta ya kilimo tayari kabla mstari wa kwanza haujatokea.